Mzigo Wangu Mgongoni kwa Mwingine

Pale Kilomita 82, reli inapopita kando ya mto Urubamba nchini Peru, wapagazi walikuwa wamepanga foleni mbele ya mizani, nami nikasimama pembeni yao. Sikuamua, miguu ndiyo iliyonipeleka. Mzigo unawekwa, ofisa anasoma, anaandika, mwingine anasogea. Kilo 20, mwisho. Ndivyo ilivyosema sheria ya wapagazi ambayo Peru iliipitisha mwaka 2001, na ndivyo isemavyo kanuni ya kwetu Kilimanjaro. Nikawa nahesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu kwenye lango la Machame, mpaka mwongozaji alipokuja kunishika bega. Wageni wote walishavuka daraja. Nilikuwa nangojwa mimi.

Katika miaka 17 ya kazi ya mlima, neno mgeni lilikuwa la watu wengine.

Nilianza nikiwa na umri wa miaka 19, nikiwa mgumu. Ndivyo tunavyoitana wapagazi wa Kilimanjaro, na jina halikukosewa. Baba alikuwa amefariki, wadogo zangu wawili walikuwa shuleni, na mama alibaki na migomba na ng'ombe mmoja pale Old Moshi. Safari yangu ya kwanza nilipita mizani na mzigo halali. Tulipoingia msitu kidogo tu, msimamizi wetu akachomoa begi la pili kichakani, akanitwika juu ya lile la kwanza. Sikujua lilikuwa na kilo ngapi. Ninachojua ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha, buti nilizoazima zilinipwaya, na usiku ule kambini sikuweza kugeuza shingo. Tuliposhuka, malipo yalikuja pungufu. Goti langu la kushoto huuma mvua ikikaribia tangu mwaka ule.

Nilibeba kwa miaka sita. Katika miaka yote hiyo kilele cha Uhuru sikukiona. Mgumu hafiki kileleni. Huishia kambi ya Barafu, huko juu kunakuwa kwa mgeni na mwongozaji. Asubuhi niliwapokea wakishuka, nyuso zimejaa vumbi, nikawapa juisi na kuwapongeza kwa kufika mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Baadaye nikapata leseni, nikawa mwongozaji msaidizi, kisha mwongozaji mkuu, na Uhuru nikaizoea. Ile miaka sita sikuifikiria tena.

Mwaliko wa Peru ulitoka kwa mama mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu. Nilimshusha usiku kutoka kambi ya Barranco, Kilimanjaro, alipozidiwa, nikimshika mkono hatua kwa hatua. Miaka miwili baadaye akaniandikia kwamba anataka kutembea njia ya Wainka, siku nne hadi Machu Picchu, na hatakwenda bila mimi. Tiketi akalipa yeye. Nilimwambia huko sina leseni, sitaweza kumwongoza. Akajibu kwamba safari hii nitatembea kama yeye, mikono mitupu.

Jioni ya kwanza tulilala karibu na Wayllabamba. Nilikuwa sijamaliza kuvua viatu nilipomwona mpagazi mmoja, mtu mzima wa makamo, akija na beseni la maji ya moto na kitaulo begani. Akaliweka mbele ya hema langu, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Beseni lile nimelibeba mara elfu. Najua maji yanavyochemshwa huku mpishi akigomba kwamba gesi inaisha, najua unavyotembea nalo kwenye mawe usiyamwage. Nikashindwa kukaa. Nikasimama, nikalipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto kwa mkubwa, nikanawa nimesimama. Mama yule aliniuliza kuna nini. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuanzia hapo nilimtafuta mpagazi yule kwa macho. Miguuni alivaa katambuga. Sisemi kitu kinachofanana nazo. Katambuga zenyewe, za tairi, meno ya tairi yakionekana kwenye soli. Mzigo aliuzungushia kitambaa cha kufumwa cha rangi, akakifunga fundo kifuani, na shavu moja lilivimba kwa majani ya koka. Yeye na wenzake walizungumza Kikechua, kwa mwongozaji wakageukia Kihispania, kama sisi tunavyoongea Kichagga jikoni na Kiswahili tukikabidhiana kazi. Nilijifunza neno moja, sulpayki, yaani asante. Nikamfundisha la kwetu, aika. Kwa kupitia mwongozaji aliniuliza kwetu wanabeba kiasi gani. Nikakunjua vidole vyote vya mikono miwili, mara mbili. Akacheka, akaonyesha hivyo hivyo.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Njia inapanda hadi Warmiwañusca, yaani mwanamke aliyekufa, mita 4,215. Kwa kimo ni chini ya Barafu yetu, lakini mwinuko hauna heshima kwa mwenye leseni wala asiye nayo, na macho yangu hayakutoka kwa yule mama. Nilitazama midomo na kucha zake. Kila tulipopumzika nilimwuliza majina ya wajukuu wake, mkubwa hadi mdogo, kwa sababu mtu ambaye ubongo wake umeanza kuvimba hukosea hata anayoyajua kwa moyo. Aliyataja yote. Wapagazi walitupita wakikimbia, maana hema la chakula lazima liwe limesimama kabla mgeni hajafika. Njia ile haina nyumbu. Kila mtungi wa gesi na kila yai limepita juu kwa mgongo wa mtu. Serikali yao inaruhusu watu 500 tu kuanza kwa siku, na zaidi ya nusu yao ni wapagazi na waongozaji. Kila Februari njia hufungwa ikarabatiwe.

Kwetu unakanyaga udongo, changarawe na majivu ya volkano. Kule unakanyaga kazi ya watu. Kuteremka kwenda Pacaymayo ni ngazi za mawe, maelfu, nyingine pana kama meza, nyingine hazitoshi unyayo. Niliinama kwenye moja nikapitisha kidole: katikati imelika, imekuwa na kibonde laini. Siku ya tatu tulipita Sayacmarca, ngome juu ya jabali, kisha handaki la Wainka lililochimbwa ndani ya mwamba, kisha Phuyupatamarca, mji juu ya mawingu, na kweli mawingu yalikuwa chini yetu. Aliyezichonga ngazi zile alizibeba kwanza. Hilo mtu yeyote aliyewahi kubeba analiona kabla ya kuona uzuri wake.

Mwongozaji alituhadithia habari za Hiram Bingham, Mmarekani aliyeitangaza Machu Picchu duniani mwaka 1911. Nikamwuliza nani alimpeleka. Akasema mkulima wa pale, Melchor Arteaga, ndiye aliyemwongoza kupanda, na juu kulikuwa na familia zinazolima kwenye matuta yale yale ya kale. Na Agustín Lizárraga, mtu wa bonde lile, alikuwa ameandika jina lake ukutani mwaka 1902. Nilimsimulia nami kwamba Hans Meyer anaandikwa kuwa wa kwanza Kilimanjaro, mwaka 1889, na kwamba Marangu wanamkumbuka Yohani Lauwo aliyemwongoza. Alisimama, akaniomba nilirudie jina la Lauwo polepole, akaliandika kwenye daftari lake.

Usiku wa mwisho, Wiñay Wayna, wapagazi walijipanga kuagwa. Nilishangaa kwa nini tunaagana mapema. Ndipo nilipoelezwa: alfajiri wanashuka kwa njia nyingine kuwahi treni yao. Machu Picchu hawaingii. Nilimwuliza yule mzee wa katambuga amebeba miaka mingapi. Zaidi ya 20. Na Machu Picchu ameiona mara ngapi? Alitikisa kichwa.

Asubuhi tulifika Intipunku, Lango la Jua, na bonde zima lilikuwa ukungu. Ulipofunguka, kuta na matuta vikatokea chini yetu, mama akalia, akanikumbatia. Palikuwa pazuri kuliko nilivyotarajia. Nami nilikuwa natazama huku nikisikia ile miaka sita ya Barafu imerudi yote kifuani.

Niliporudi Kilimanjaro, safari yangu iliyofuata ilikuwa ya Machame, wageni wanne. Tulipofika Barafu nilizungumza na mwajiri kwa simu, kisha nikamwita kijana mmoja wa Uru aliyekuwa na miaka mitatu ya kubeba.

"Usiku jiandae, tunapanda wote."

"Nibebe nini, mzee?"

"Maji yako tu."

Tulimtafutia glavu na koti zito la mpishi. Alipanda bila kusema neno. Tulipofika Stella Point jua lilikuwa linachomoza. Akasimama ukingoni akitazama kusini, na mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu hadi upeo wa macho.

"Mzee, Uru iko upande gani?"

Nilimgeuza mabega, nikamwonyesha kwa kidole.