Kutoka Msambweni Kufuata Mchiriku

Ukitaka kusikia bendi ikipiga laivu Kwale, njia rahisi ni kwenda hotelini Diani jioni. Kama huna pesa za hotelini, unakaa ufuoni, upande wa nje wa ukuta. Ufuo ni wa watu wote na sauti haizuiwi na askari wa getini. Mimi na binamu yangu tulisikiliza muziki hivyo kwa miaka, tumekalia mchanga, kabla yeye mwenyewe hajaingia ndani kama mpiga besi.

Alipoingia ndipo nikaijua ile kazi. Bendi hupiga wageni wakila, na sauti yake isishinde ya uma na visahani. Jambo Bwana lazima ipigwe, usiku mwingine mara tatu, kwa sababu kila kikundi kipya kinachoshuka kwenye basi kinataka kukaribishwa nao. Wimbo wenyewe siudharau. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu iliyoanza Mombasa mwaka 1972, na ukapendwa hadi Boney M wakatoa toleo lao mwaka 1983. Them Mushrooms hao hao waliichukua mwanzele ya Wagiriama wakaitia kwenye magitaa. Ile ilikuwa bendi yenye njaa ya kujaribu. Ila hotelini njaa yao haikubaki. Umebaki wimbo mmoja.

Binamu yangu alikuwa na wimbo wake. Aliujenga juu ya mdundo wa sengenya, ngoma ya Wadigo tuliyokulia: msondo, chapuo, vumi, na nzumari ikilia juu kama mtu anayekuita jina lako toka mbali. Akaomba aupige usiku mmoja tu. Meneja wa hoteli akamjibu kwa upole kabisa, "Wageni hawaujui huo." Jibu hilo lilimkaa moyoni kuliko tusi. Akaanza kusema akimaliza msimu atauza besi, anunue bodaboda.

Wakati huo ndipo tulipokuwa tumerukwa na akili kwa Jagwa Music.

Jagwa ni bendi ya Dar es Salaam na muziki wao ni mchiriku. Kama hujawahi kuusikia, chukua midundo ya ngoma za Wazaramo, iendeshe kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa, halafu weka juu yake kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwingine ni mwanasesere wa mtoto. Kipitishe kwenye amplifaya kuukuu mpaka sauti ianze kukwaruza. Hapo umepata mchiriku. Ni muziki wa sherehe za uswahilini, wa nyimbo za maisha magumu, mapenzi na ujanja wa kuishi mjini. Sisi ulitufikia kwenye flashi ya jamaa mmoja aliyekuwa akifanya biashara Lunga Lunga. Tuliusikiliza kwenye simu moja, kila mtu na sikio lake la waya. Mwaka 2012 albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na kinanda kile kile kibovu kikaanza kupigwa kwenye majukwaa ya Ulaya.

Tuliposikia watapiga Sauti za Busara, Unguja, hatukujadiliana sana. Ulaya matamasha makubwa huwa Juni hadi Agosti, jua lao likitoka. Sisi Juni kusi inavuma na hoteli nyingi zimepoa. Sauti za Busara huja Februari, katikati ya kaskazi, joto likiwa joto kweli. Tamasha lilianza mwaka 2004, na mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, kwa hiyo hata kuwepo kwake si jambo la kulichukulia poa.

Watu wa Nairobi wakienda Zanzibar huona wamesafiri nje ya nchi. Kwa mtu wa Msambweni ni kama kuzunguka nyumba kwa nyuma. Matatu mpaka Lunga Lunga, unavuka mpaka, upande wa pili ni Horohoro, na mama muuza chai wa Horohoro anakusalimia kwa Kidigo. Wadigo wako pande zote mbili, mpaka uliwakuta hapo hapo. Tulibadilisha shilingi kwa shilingi, tukaonyesha cheti cha homa ya manjano, tukapanda basi la Tanga, kisha la Dar es Salaam, tukalala kwa mjomba, na asubuhi tukapanda boti. Binamu yangu alitapika baharini njia nzima. Alipofika bandarini akaniambia, "Kama hawapigi vizuri, nawadai nauli."

Tamasha lenyewe lilikuwa Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Omani inayotazamana na bustani ya Forodhani. Ndani kuna uwanja wa majani, na kuta za mawe zinarudisha mdundo kama zina hasira nao. Watu walikuwa wa kila aina: Waunguja na familia zao, vijana wa Dar, Wazungu wengi na mashuka yao ya kikoi. Nilimtazama binamu yangu akiwatazama wale Wazungu. Nilijua anachofikiria. Ni wale wale. Mwezi mmoja nyuma huenda mmoja wao alikuwa Diani, anakula kamba, bendi iko pembeni.

Jagwa walipotoka nilishangaa uchache wa vyombo. Kinanda kile kidogo. Ngoma. Na kigoda cha mbao, cha kukalia, kikipigwa kwa vijiti kana kwamba kimekosea mtu. Hakuna aliyesema habari za jioni. Hakuna aliyeuliza kama tuko sawa. Kinanda kilikwaruza mara moja, ngoma zikaingia, na mwimbaji akaanza kana kwamba tulikuwa tumemkatiza katikati ya sentensi.

Dakika za kwanza umati haukujua ufanye nini. Mimi nimezoea kuona hapo bendi ikiogopa: inapunguza, inatafuta wimbo ambao watu wanaujua. Jagwa hawakupunguza. Wimbo wa kwanza ukaingia wa pili bila kupumua. Kufikia wa tatu, mama mmoja wa Kiunguja mwenye buibui alikuwa amesimama anatikisa mabega, na mzee wa Kizungu pembeni yangu, jasho linamtiririka, alikuwa anajaribu kumwiga. Hakuna neno hata moja alilolielewa. Hakuna wimbo hata mmoja alioujua. Alikuwa amesogea yeye kuufuata muziki, maana muziki ulikataa kumfuata.

Binamu yangu hakucheza. Alisimama mikono kifuani muda wote, macho kwenye kile kigoda. Nilidhani hajafurahi. Nyimbo zilipokwisha tulitoka tukaketi Forodhani na sahani moja ya urojo kwa watu wawili, kwa sababu nauli ya kurudi ilikuwa imehesabiwa. Ndipo akasema, polepole, "Umeona kigoda kile? Sisi kwetu twavyo vingapi?"

Nikamwambia vingi.

"Na msondo?"

Nikamwambia upo, kwa wazee.

"Basi," akasema, na hakuongeza neno mpaka kesho yake Tanga.

Ningependa kuandika kwamba alirudi akamtupia meneja barua ya kuacha kazi. Hakufanya hivyo. Ana watoto wawili na karo haingoji msimamo wa mtu. Alirudi Diani, akapiga Jambo Bwana usiku ule ule aliofika, na kwa jinsi nilivyomsikia toka ufuoni, aliipiga vizuri. Kilichobadilika ni siku zake za mapumziko. Alianza kwenda Msambweni ndani ndani kwa mzee mmoja mpiga vumi, si kurekodi wala kupiga picha, kujifunza tu. Mzee alimkaripia majuma mawili kwa kupiga kama mtu wa hotelini. "Unagonga kama unaomba ruhusa," alimwambia.

Baada ya Ramadhani harusi zilipofunguka, kulikuwa na harusi ya jirani yetu. Binamu yangu alikuja na besi, amplifaya moja ya kuazima, vijana wawili wa chapuo na yule mzee na vumi lake. Nzumari hawakupata, aliyejua kuipuliza alikuwa mgonjwa. Wimbo ule uliokataliwa hotelini ulipigwa uani, chini ya taa moja, spika ikipiga kelele kila besi ikishuka. Vijana walianza kwa kucheka. Wengine walitoa simu. Halafu shangazi zetu wakaingia katikati, kwa hatua za sengenya ambazo sikujua kama bado wanazikumbuka, na vijana wakalazimika kuwapisha.

Wimbo haukuwa mkamilifu. Mwisho wake haukuwa umeamuliwa, wakaupiga mpaka mzee akachoka. Ila hakuna aliyeuliza kama wageni wanaujua. Watu wa bwana harusi walikuwa wametoka Voi, hawakuwa wameusikia maishani mwao, na nao walikuwa ndani ya duara wanatafuta mguu uingie wapi.

Besi haijauzwa. Msimu huu hoteli imempa mkataba mwingine, miezi minne, ameusaini. Alhamisi hafanyi kazi. Ukipita Msambweni Alhamisi jioni baada ya magharibi, shuka stejini, uliza nyumba ya mzee wa vumi. Hakuna ukuta, na kiti kama hakipo utapewa kigoda, ila utakipokea baada ya wimbo.