Mama zangu, sehemu ya 7: Mbio na kipimo

Tangu nirudi nyumbani Lushoto, saa kumi na moja alfajiri niko njiani, nakimbia vijia vya mashambani. Milima yetu haina huruma jamani, na kinachoua magoti ni kushuka, sio kupanda. Lengo langu ni kilomita 21 za NBC Dodoma Marathon, mbio ambazo zimekuwa zikichangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi.

Juzi jirani (kaniruhusu niwasimulie) akaniambia, "Nesi, na mimi nakuja, tuwachangie hao wagonjwa." Nikamuuliza, wewe umeshapima? Kimya. Ana watoto wanne.

Wodini nimepokea wamama waliotokwa damu miezi na miezi ndipo wakaja. Kipimo cha siki ni dakika chache, majibu unapewa hapo hapo. Kama uko kwenye siku zako, subiri ziishe. Na binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, dozi moja tu, bure.

Jumamosi mimi na jirani tunakimbia kuelekea kliniki. Anapima kwanza, ndio tunageuza. Anayetaka kutufuata aje na raba zake.