Mbegu ni Amana

Ndugu msomaji, riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, lakini jembe limewekwa mikononi mwetu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mafunzo hayo tunayasikia msikitini, na wana wetu huyasoma chuoni. Ninalouliza leo ni hili: katika nyumba zetu za pwani, nani aliyebaki anayejua kupanda?

Mimi ni mtu wa kusini ya Unguja, kwenye ardhi ya mawe. Mgeni akipita kwetu huona majabali na vichaka, akasema hapa hapalimiki. Wazee wetu walipalima. Walifyeka kichaka, wakakichoma, kisha wakapanda katika vishimo vya udongo vilivyo baina ya mawe: muhogo huku, mtama na kunde kule. Baada ya misimu michache konde liliachwa lipumzike mpaka kichaka kirudi. Wala kunde hazikuwekwa pale kwa bahati. Mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyoikamata naitrojeni ya hewani, na majani yakiozea hapo udongo hupata nguvu. Wazee hawakulijua jina la naitrojeni, lakini kazi yake waliijua.

Walikuwa pia na hesabu yao ya wakati. Mwaka wetu wa dini hufuata mwezi, na kwa hiyo Ramadhani hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mara hutukuta katika masika, mara katika kaskazi. Kwa hesabu hiyo mkulima hawezi kupanda. Basi wazee waliuhesabu mwaka wa siku 365 tangu Nairuzi, ambayo Makunduchi huadhimishwa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, wakaugawa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 zikabaki. Marehemu shangazi yangu ukimwuliza atapanda lini, alikujibu kwa mwongo, kisha akatazama upepo umegeuka au bado.

Shangazi huyo ndiye aliyekuwa hazina ya mbegu katika mtaa wetu. Kunde alizianika juani, akazichanganya na jivu, akazitia chupani. Vijiti vya muhogo hakuvikata ovyo. Alilizunguka konde kabla ya kuvuna, akachagua miche iliyonawiri, na ule uliokunjamana majani aliukataa. Elimu ya leo inamuunga mkono. Batobato ya muhogo, na maradhi ya michirizi ya kahawia ambayo mtaalamu H. H. Storey aliyaeleza mwaka 1936 akiwa Amani, huko Usambara, huenezwa na inzi weupe, na pia huenezwa na vijiti vilivyokatwa katika mche mgonjwa.

Alipofariki, nyumba ilisafishwa kwa ajili ya hitima. Waliosafisha waliona chupa kuukuu zenye jivu juu ya dari ya jiko, wakazitupa jaani. Zile kunde ndogo nyekundu, zilizotufaa miaka ya mvua haba, sijaziona tena mahali popote. Siwalaumu waliozitupa, hakuna aliyewaambia zina nini. Mali yake iligawiwa kwa haki, na elimu yake haikupata mrithi.

Mtu atasema: haja gani, na mchele unashuka bandarini? Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa huko ukakatika. Wakati ule watu wa Unguja walihimizwa kulima muhogo na viazi. Julai 2023 India ilizuia mchele wake mweupe usio basmati usiuzwe nje, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Hakuna mama wa nyumbani aliyetakwa shauri katika mambo hayo, lakini sufuria lililopungua ni lake. Mwenye muhogo kondeni huchimba anapohitaji, na ulobaki humngoja.

Sisemi turudishe kila la kale. Watu wamekuwa wengi, na kichaka kinachochomwa mara kwa mara hakipati nafasi ya kurudi. Ni bora majani yaozeshwe yawe mbolea. Lakini lililo jema tulishike kabla wenye kulijua hawajaondoka.

Basi mwenye ua na apande mchicha na mpapai. Mwenye konde asiliache bure. Na mwenye bibi au babu aliye hai, amketishe mwanawe karibu naye msimu huu, amwoneshe mbegu, amtajie jina lake, na amwambie inapandwa lini. Mbegu ni amana, na amana haina budi kufikishwa kwa mwenyewe. Na wenyewe ni hawa watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.