Bibi Mzigua na Sanamu Zake

Mwanangu, ukipita Mabatini leo katikati ya bodaboda na maduka ya vipuri, si rahisi kuamini kwamba miaka ya hamsini tulishuka Mto Mirongo kuchimba udongo wa kufinyangia, mweusi, mzito, unaonuka mvua na majani yaliyooza. Reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, ikaleta watu wa kila pembe ya Tanganyika, wakapanga vyumba ambavyo jua la mchana likishapiga mabati, hakuna aliyekaa ndani. Maisha yalikuwa uani. Hewa ilijaa moshi wa mkaa, dagaa waliokaushwa na, msimu wa mauzo ukifika, vumbi la pamba. Sangara hakuwa amejulikana. Sato ndiye aliyetawala sahani za wenye nacho, na fungu la furu la senti kumi lilitosha mboga ya nyumba yetu.

Jirani yetu alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Uzigua, mbali kabisa na ziwa. Mtaa mzima ulimwita Bibi Mzigua, wala sikumbuki mtu aliyemwita vinginevyo. Alikuwa na uso mwembamba, macho makali, na kucha ambazo hazikuishiwa udongo hata siku ya Idi. Mtungi wake wa maji uliuzwa shilingi moja, chungu cha mboga thumuni, na yeye mwenyewe alipikia chungu chenye ufa. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walikwisha kusema. Sisi watoto tukimletea udongo, ujira wetu ulikuwa ng'ombe wenye nundu, kobe, au kondoo mnene asiye na shingo. Vidole vyake vilipita mara mbili tatu tu, mnyama akasimama, na hapo hapo akamwimbia wimbo wake kwa sauti ya puani. Ukimwomba kobe, huondoki mpaka umeujua wimbo wa kobe.

Zilikuwako sanamu nyingine ambazo hatukupewa. Hizo alizifinyanga mlango ukiwa umerudishwa, akazianika nyuma ya nyumba na kuzifunika kanga kuukuu. Yeye alikuwa kungwi, na watu wa kwao waliokuwa Mwanza walipokuwa na mwali, walimjia yeye. Usiku tulisikia ngoma na vicheko vya akina mama. Asubuhi nikakuta jaani vipande vya udongo vyenye madoa meupe, mekundu na meusi, hapa kichwa, pale kiuno. Nilipomwonyesha mama, alininyang'anya, akanipa kofi jepesi na kuniambia mambo ya unyago hayamhusu mwanamume. Bibi Mzigua hakusikitika hata kidogo kuona kazi yake ya siku kadhaa imevunjwa. Mwali alikuwa amekwisha kufundwa; sanamu ilikuwa imemaliza kusema.

Miaka hiyo hiyo, huku Kanda ya Ziwa, jina la Hans Cory lilikuwa likitajwa na makarani na watemi. Alikuwa mzaliwa wa Vienna, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1953 alitoa kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Mimi nilikuja kujua jambo lake jingine nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, nilipofungua maktabani kitabu chake cha 1956 kuhusu sanamu za udongo za jando na unyago. Nilikaa chini. Kurasa kwa kurasa zilikuwa zimejaa sanamu za Wazigua, Wasambaa na Wapare: watu, wanyama, vyombo vya nyumbani, pamoja na maelezo ya nyimbo na mafunzo yake. Baadaye niliambiwa kwamba mkusanyiko wake uko Makumbusho ya Taifa, yale yaliyofunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano.

Sina ugomvi na Cory. Asingezikusanya, zingeishia jaani, na aliandika nyimbo pia, jambo ambalo mkusanyaji mwenye haraka asingelifanya. Ila jina lililo kwenye jalada ni lake. Waliofinyanga ni Wazigua, Wasambaa, Wapare, basi. Siku hizi sanamu za namna hiyo hutafutwa na matajiri wa mbali, na bei hutegemea zimepita mikononi mwa nani, maana yake wanunuzi, si wafinyanzi. Bibi Mzigua angecheka, kisha angeuliza hao wanaozinunua wanazijua nyimbo zake au wanazitazama tu. Kwa hiyo wewe ukienda kununua hata ng'ombe mdogo wa udongo sokoni, muulize mama anayekuuzia nani kamfinyanga, ukaliandike jina hilo chini ya tumbo lake kabla hujamweka kabatini.