Kaole, kwa Bibi Sharifa

Washkaji wa Bunju Jumapili huteremka zao ufukweni Kunduchi kujirusha. Mimi Jumapili hiyo nilishikwa mkono na dada'ngu: "Mdogo wangu, nisindikize Kaole." Sikuuliza. Miaka sita ndani ya ndoa, mtoto hakuna, na mawifi wameshaanza maneno.

Tukadandia Coaster ya Bagamoyo. Nilisimama mguu mmoja Mapinga, Kerege, mpaka Zinga ndipo nikapata siti. Bagamoyo mjini tukachukua bajaji, kama kilomita tano kurudi kusini.

Msomaji, usitegemee maghorofa. Kaole ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zimekaa kimya. Misikiti miwili, mmoja wa tangu karne ya 13, Dar yenyewe haijaota hata ndotoni! Makaburi ni mengi, mengine yana nguzo ndefu ambazo zamani zilipachikwa vibakuli vya Kichina. Yaani watu hawa walikuwa wanakula sahani moja na dunia. Mwaka 1958 Mzungu mmoja, Neville Chittick, alikuja kupachimba. Bahari iliyoleta majahazi sasa imejificha nyuma ya mikoko.

Kuna na mbuyu. Mzee anayetembeza wageni alituambia ukiuzunguka unajiongezea umri. Nikazunguka mara tatu fasta, nani hataki?

Halafu tukafika kwa Sharifa. Inasimuliwa alikuwa binti mcha Mungu, dua zake hazirudi, na hadi leo watu wanakuja kaburini kwake na shida zao na sadaka. Nilikuwa na utani mdomoni. Dada akavua viatu, akakaa chini, akaanza kwa sauti. Baadaye ikabaki midomo tu inacheza. Utani nikaumeza. Yule mzee naye akageuka akatazama mikoko, mstaarabu kweli.

Dada akaacha elfu tano. Noti ile naifahamu, ndiyo ilikuwa bajaji yetu ya kurudia! Basi tukakanyaga vumbi kwa miguu hadi Bagamoyo, jua la saa nane linatupiga utosini, viatu vyangu vya kutokea vimegeuka rangi. Sikulalamika.

Njiani akaniuliza, "Ule mbuyu umezunguka mara ngapi?"

"Tatu."

"Moja mwekee mpwao."

Nikamwambia achukue mbili.