Bluu Huisha Mwisho

Picha yenyewe iko sebuleni kwetu Komarock, juu ya TV. Tumesimama wanne ufuoni Pirates, Mombasa, Desemba 2003: Mathe, Baba, dadangu, na mimi nikiwa na miaka mitano, nimekumbatia tyubu ya tairi kubwa kuniliko. Miaka yote niliyoiangalia, kila kitu pale kilikuwa bluu. Bahari bluu, mchanga bluu, nyuso zetu bluu kidogo, na shati la Baba rangi ya mawingu ya Nairobi mwezi wa saba.

Pirates ni jina la mtaani tu, rasmi ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi. Kama umewahi kushuka Mombasa na familia ya Nairobi, labda uliishia hapo: ngamia, tyubu za kukodisha, viazi karai, na jamaa wa kamera shingoni. Enzi ya filamu, rolo ilikuwa na picha 36, kwa hivyo alikupanga kwa makini. Simama hapa, geuka kidogo, mtoto atabasamu.

Mimi safari hiyo siikumbuki. Nakumbuka picha.

Mwaka jana nilikuwa naandikia mteja wa ng'ambo makala kuhusu picha za rangi. Ndiyo kazi yangu tangu niache chuo. Hapo nikakutana na Joel Meyerowitz, Mmarekani aliyepiga picha kule Cape Cod, majira ya joto ya 1976 na 1977, kwa kamera kubwa ya mbao inayotumia filamu ya inchi 8 kwa 10. Wakati huo, mpiga picha aliyetaka kuchukuliwa serious alipiga nyeusi na nyeupe. Rangi ilikuwa ya matangazo na ya albamu za nyumbani. Kitabu chake, Cape Light, kilisaidia kubadilisha hilo. Niliangalia zile veranda na ile bahari ya jioni kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya mathree ya Kangundo Road, nikahisi nimewahi kuishi pale. Nikajiuliza kwa nini picha yetu wenyewe hainifanyi nihisi nimewahi kufika Mombasa.

Ukitaka kuelewa, angalia kinyozi chochote cha mtaani. Yale mabango ya mitindo ya nywele yaliyobandikwa dirishani yote yamegeuka bluu. Picha ya rangi ya enzi ile ina tabaka tatu za rangi: njano, majenta na sayani. Juani, njano na majenta mara nyingi huenda kwanza, na hizo ndizo zinazobeba ngozi ya mtu, nguo nyekundu, joto lote. Sayani hubaki. Gizani mambo yanaweza kugeuka: picha nyingi za miaka ya 70 hupoteza sayani hata zikiwa ndani ya albamu, ndiyo maana harusi za kina shosho zimekuwa nyekundu.

Dirisha letu linaangalia magharibi. Jua la jioni lilikula ile picha kwa miaka kumi na tano, mpaka jirani akajenga juu. Unajua Komarock ya siku hizi: nyumba ya familia moja, kesho ina orofa nne za wapangaji. Yake ilipofika ya nne jua likaisha sebuleni, lakini picha ilikuwa imeshaliwa.

Mwezi wa tatu nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa ndani ya sanduku la Mathe, chini ya kitanda. Nikapata bahasha. Ndani, negativu na nakala ya pili ya picha ileile.

Shati la Baba lilikuwa jekundu. Jekundu la nyanya.

"Hilo alinunua Gikomba wiki ya safari," Mathe akasema. "Nikamwambia, mzee mzima na shati kama hilo? Akasema, 'Nikizama, mtaniona.'"

Nikacheka. Akaendelea kukunja blanketi, kisha akaongeza kwamba safari ililipwa na pesa alizopewa Baba alipoachishwa kazi. Novemba barua, Desemba baharini.

"Na hamkuwahi kutuambia?"

"Ungefanyia nini hiyo habari na miaka mitano?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, 2019. Karo ilikuwa imekwama, na mimi pia. Nilimwambia Baba hapohapo sebuleni, chini ya hiyo picha. Akaangalia TV kwa muda, akaniuliza kama nimekula. Basi. Alifariki 2021 na hatukuwahi kuliongelea tena. Miaka yote nimewaambia watu kwamba mzee wangu alinikatia tamaa kimyakimya. Nilikuwa namwona kama yule wa ukutani: baridi, yuko mbali. Sasa sijui tena alichokuwa akifikiria usiku ule, na hayupo nimuulize.

Nilitaka kubadilisha picha kwenye fremu. Mathe akakataa.

"Hii ikae sanduku. Ukitaka kumwona, kuja ufungue."

Nina keja yangu Kayole, si mbali. Nimeenda mara mbili tangu hapo. Mara ya pili nilimkuta ameketi kitandani, sanduku amelifungua tayari.