Nukta Nyekundu

Programu yangu ya kwanza ya kulipwa niliiandika Dar es Salaam, kwa Visual Basic 6, kwa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Toleo hilo lilitoka 1998, nasi pale ofisini tuling'ang'ana nalo hata wenzetu walipokwisha kuhama.

Keshia akalalamika: akitoka kisanduku cha idadi kwenda cha bei, kishale kinarukaruka baina ya viwili hivyo hadi skrini inaganda. Nikaweka nukta nyekundu pembeni mwa msimbo, ile inayosimamisha programu ili uichungulie. Tatizo likatoweka! Nikiiondoa, linarudi.

Bosi wetu, mzee aliyeanzia kwenye Turbo Pascal, alisimama nyuma ya kiti changu akitazama. "Kijana, toa hiyo nukta. Chapisha."

"Nichapishe nini, mzee?"

"Kila kisanduku kinapoingiwa na kinapotokwa."

Nikapachika Debug.Print kila mahali. Maandishi yakashuka kwenye dirisha dogo la chini bila kuisimamisha programu, na ugomvi ukaonekana: kila kisanduku kilikuwa kikikagua kilichoandikwa pale kishale kinapokitoka, kisha kukirudisha kwake kwa nguvu. Nukta ilikuwa ikiuficha ugomvi huo, kwani programu ikisimama, dirisha la Visual Basic lenyewe hujitokeza mbele na kupokonya kishale, na mfuatano wote wa matukio unavurugika. Tulihamishia ukaguzi kwenye Validate, tukio jipya la toleo la 6, linalofanyika kabla kishale hakijaondoka.

Mwongozo wa lugha yenyewe ulikuwa umeonya. Ukisimamisha programu wakati kitufe cha kipanya kimebonyezwa, utakiachia ukiwa umo ndani ya dibaga, kile chombo cha kuichungulia programu, na tukio la kuachia huenda lisiifikie programu kamwe. Ila nani husoma mwongozo mteja akiwa anapiga simu?

Miaka ilipita, nikahamia Java na IntelliJ IDEA, nikiandika programu ya SACCOS. Ripoti ya marejesho ilikufa kwa mteja, lakini kwangu, nikiipitisha hatua kwa hatua, ilitoka safi. Safari hii nilijua pa kutazama. Ili kukuonyesha kitu kwenye dirisha lake, dibaga huita toString ya kitu hicho, yaani maelezo yake kwa maandishi. Yetu iligusa orodha ya marejesho, na Hibernate, ambayo huchelewesha kuleta data mpaka iguswe, ikaileta papo hapo, kikao na hifadhidata kingali wazi. Kwa mteja hakukuwa na mchunguliaji. Kikao kilifungwa orodha ikiwa bado haijaletwa, kisha ripoti ikaidai.

Nilizima chaguo la dibaga kuita toString kwenye mipangilio, nikaendesha upya, na ripoti ikafa kwenye mstari uleule uliomfia mteja. Sijaliwasha tena. Vijana wakikaa kwenye mashine yangu hunung'unika kwamba dirisha linawaonyesha majina matupu ya vitu, wakitaka thamani wabonyeze wenyewe. Nawaambia wabonyeze.